Nina dola 400, nataka aparei (kamera) ya kwanza: kwa nini Goma nzima inasema Canon?

#1 MwanaNdosho (Goma)
Jambo wakubwa. Naomba mnisaidie kabla pesa haijanitoka mkononi. Nimeweka akiba miezi kumi na moja kwenye kazi ya fotokopi kwa mjomba, sasa nina dola 400. Nataka DSLR (aparei yenye kioo ndani, ya kubadilisha lenzi) ya kwanza, mpya au mtumba, yoyote itakayofanya kazi. Nianze na ndoa, ubatizo na foto za wanafunzi wanaomaliza masomo.

Jana nimezunguka Birere tangu saa tatu mpaka jua likawa kali. Maduka sita. Wote walinijibu neno moja: Canon. Nikimuuliza muuzaji "kwa nini?" ananiambia "kwa sababu ni Canon". Mmoja tu alikuwa na Nikon D3500 kwenye kasanduku kake, na yeye mwenyewe akanishauri nisiichukue! Mtu anakukataza mali yake anayoitafutia mteja. Hilo ndilo limeninyima usingizi. Naomba sababu ya kweli, si ya ushabiki.

#2 FotoKatindo (Goma)
Karibu, mdogo wangu. Sababu ni kuazima, basi.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye ndoa. Lenzi yangu ikaniponyoka kwenye ngazi za kanisa, pete ya mbele ikapinda, fokasi, ile inayonoa foto, ikakwama. Misa inaanza baada ya dakika arobaini. Nikapigia simu watu watatu. Wa pili alinitumia lenzi yake ya 18-135 kwa mtu wa moto (pikipiki), ikafika padri akiwa anavaa. Ningekuwa na Nikon, hao watu watatu wangenipa pole tu. Katika mji ambako wapigapicha wanane kati ya kumi unaowajua wana Canon, wewe pia nunua Canon. Lenzi ya jirani ni lenzi yako.

#3 Kipepeo_Bukavu
Kuazima ni kweli ila si chanzo. Chanzo ni ngozi. Canon inaipenda ngozi yetu: inatoa rangi ya joto, kahawia yenye uhai. Nikon inaleta uso wa kijani kijani, hasa chini ya taa za ukumbi. Wateja wa Kadutu hawajui ISO (wepesi wa aparei kunasa mwanga) wala nini, lakini ukiwawekea foto mbili mezani watanyooshea kidole ile ya Canon.

#4 Fundi_Himbi (Goma)
Dada Kipepeo, kwa heshima, hapo siko nawe. Ninafungua aparei hizi kila siku. Rangi unayoisema ni mapishi ya JPEG tu, yaani namna aparei inavyokuandalia chakula kabla ya kukupakulia. Ukipiga RAW unapewa unga mbichi, unausonga mwenyewe. Na kijani hicho cha ukumbini kinatoka kwenye taa. Weka mizani ya rangi kwa mkono, elekeza aparei kwenye karatasi nyeupe chini ya taa ile ile, Nikon nayo itakupa ngozi safi.

Kwangu sababu ni vipuri. Canon 600D iliyokufa nikipewa, ninapata kioo, kava ya batri, vitufe, kioo cha nyuma kinachogeuka, vyote vya kutibu 600D nyingine tatu. Nikon zinazofika mezani kwangu ni chache, kwa hiyo mizoga yake pia ni michache. Mtu akivunja mlango wa batri wa Nikon D5300 ninamfungia kwa utepe mweusi, sina cha kumpa.

#5 Kipepeo_Bukavu
Fundi, mteja wa ubatizo anayetaka foto jioni ile ile ataningoja nisonge unga saa ngapi? JPEG ndiyo kazi yetu. Kwa hiyo mapishi ya aparei yana maana.

#6 MzeeWaKadutu (Bukavu)
Watoto wangu, nilianza na filamu, nikiosha foto nyeusi na nyeupe chumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi. Ninyi mnazungumza kana kwamba Canon imekuwapo hapa siku zote. Mwaka 1994 wakimbizi walipovuka mpaka na waandishi wa dunia nzima wakajaa Goma na Bukavu, mimi niliyowaona kwa macho yangu wengi walining'iniza Nikon shingoni. Nikon ndiyo iliitwa aparei ya mwanamume. Kwa hiyo mtu asiniambie ni ngozi, ngozi yetu haijabadilika tangu wakati ule.

Kilichobadilika ni mashirika. Miaka ya elfu mbili na kitu kila ofisi ya msaada ilikuwa na afisa mawasiliano, na kila afisa alikuwa na Canon. Mradi ukiisha, vifaa vinauzwa au vinabaki kwa dereva. Nyingi zilizoingia sokoni zilipitia njia hiyo.

#7 LushiMwangaza (Lubumbashi)
Salamu kutoka Lubumbashi. Papa Mzee, hata sisi huku hatukuwa na mashirika mengi kama Kivu, na bado ni Canon kila kona, mitaa ya Kenya, Katuba, Kamalondo. Kwa hiyo maelezo yako hayafiki kwetu. Ninavyoona mimi ni video. Canon ndiyo iliyotangulia kuweka video kwenye DSLR, vijana wa klipu za muziki wakaikimbilia, na sisi wa foto tukawafuata.

#8 MwanaBirere (Goma)
Yaya wa Lushi, sahihisho dogo. DSLR ya kwanza kupiga video ni Nikon D90, ilitoka Agosti 2008. Miye niko nayo hadi leo. Canon 5D Mark II ilitangazwa mwezi uliofuata.

#9 LushiMwangaza
Aksanti kwa sahihisho, umeshinda kwa mwezi mmoja. Lakini D90 ilikuwa video ya 720p na inakatika kila dakika tano. 5D Mark II ilikuja na 1080p, video kali zaidi, kwenye sensa (kipande kinachonasa mwanga) kubwa. Watu hawamkumbuki aliyefika wa kwanza akiwa amechoka.

#10 MwanaBirere
Haijachoka! Imepiga harusi ya dada zangu wote wanne.

#11 MwanaNdosho
Nashukuru wote. Mpaka sasa nina kuazima, ngozi, vipuri, mashirika, video. Lakini bado yule muuzaji wa D3500. Ana kosa gani ile aparei? Nimesoma ina megapikseli 24 na ni ya mwaka 2018, siyo ya zamani.

#12 Fundi_Himbi
Haina kosa, ni aparei nzuri sana. Batri yake kwa kipimo cha kiwandani inafika foto 1,550, wakati Canon 2000D inahesabiwa 500. Kwa mji ambao umeme unakuja ukipenda, hiyo si tofauti ndogo.

Lakini sikiliza kwa nini alikukataza, pengine alikuhurumia. Kwanza, D3500 haina mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Ukiiwekea lenzi za Nikon za zamani za AF na AF-D, zile za bei ndogo, itabidi uzungushe fokasi kwa vidole. Inataka AF-S au AF-P, zenye mota yake ndani. Pili, haina tundu la maikrofoni, kwa hiyo siku mchungaji akikuomba umrekodie mahubiri utachukua sauti ya vitoto vinavyolia kwenye benchi la nyuma. Umesema ndoa na ubatizo. Ndoa ya leo Goma lazima iwe na kavideo.

#13 MwanaBirere
Ongeza kwamba D90, D7000 na D7100 zina mota. Tena mdomo wa lenzi (pale lenzi inapofungwa) wa Nikon ni ule ule tangu 1959. Canon walibadilisha wa kwao mwaka 1987 na kuwaacha watu na lenzi za zamani mkononi. Kwa hiyo "Nikon haina lenzi" si kweli. D7000 ina nafasi mbili za kadi, kadi moja ikifa ndoa ya watu haipotei. Mtafutie mdogo D7000, mwache apumue.

#14 Mama_Neema_Foto (Goma)
Jambo. Nimesoma yote kwa subira, sasa naomba niseme kama mama anayelisha watoto watatu kwa kazi hii.

Mwanangu MwanaNdosho, unauliza mwili wa aparei, na mwili ni sehemu ndogo ya jambo. Nikueleze unavyokuwa Jumamosi. Saa mbili asubuhi uko nyumbani kwa bibi arusi. Nyumba ni ya mbao, kama nyingi zetu juu ya mawe haya ya volkano, chumba hakifiki mita tatu kwa tatu, dirisha moja, ndani kuna wanawake wanane na mtoto wa kushika pete ambaye hataki kuvaa viatu. Lenzi ya 18-55 inayokuja na aparei, ukiivuta hadi 55, mlango wake wa mwanga unafika f/5.6 (namba ikikua, mlango unapungua). Kiza. Aparei inapandisha ISO hadi foto inakuwa kama mchanga wa Kituku. Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo. Mara kumi! Hakuna mwili wa dola 400 utakaokupa faida hiyo.

Lakini usiitupe 18-55. Kwenye DSLR hizi za sensa ndogo 50mm ya Canon inavuta karibu kama 80mm, na katika chumba kile utagonga mgongo ukutani kabla hujampata bibi arusi mzima. Kwa hiyo 18-55 kwa watu wengi, 50 kwa uso, mikono, hina, pete.

Halafu kanisani. Hapa ndipo wanaoanza wanalia. Kipima mwanga cha aparei kinadhani dunia yote ni ya kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kinapunguza mwanga ili jeupe liwe kijivu, na uso wa bibi arusi unazama. Ukimgeukia bwana arusi mwenye suti nyeusi, kinafanya kinyume, shati lake linaungua. Mwaka wangu wa kwanza niliwarudishia watu foto ambazo gauni lilionekana safi sana, kila mshono, na nyuso hazikuonekana. Mama mkwe alizitazama moja moja, akazipanga vizuri ndani ya bahasha, akaniambia, "Mwanangu, hizi ni foto za nguo." Sitasahau. Ilikuwa Canon ile ile mnayoisifia ngozi.

Tangu siku ile ninapima mwanga usoni, naweka M (kupanga mwanga kwa mkono), na siugusi mpaka nihame mahali.

Flashi nayo usiisahau. Nyumba nyingi hazina plafo (dari) nyeupe ya kurushia mwanga, juu ni bati na mbao zilizoiva moshi. Mimi ninabeba shuka jeupe lililokunjwa. Mtoto mmoja wa nyumba analishika pembeni, ninageuza kichwa cha flashi kulitazama, na mwanga unarudi laini kama wa dirishani. Watoto wanagombania kulishika.

Kwa hiyo dola 400 zigawe: nusu mwili na 18-55, nusu ya pili 50mm, flashi, batri ya akiba na kadi mbili.

#15 FotoKatindo
Mama Neema amesema. Hilo la shuka nimeliona kwa macho yangu, nikaliiga, namshukuru hapa mbele ya wote.

#16 Kipepeo_Bukavu
"Hizi ni foto za nguo." Nimesoma mara mbili. Mama, ngozi naiachia kidogo, lakini sijaiacha yote.

#17 Fundi_Himbi
Kwa sababu flashi imetajwa, onyo muhimu sana. Juu ya aparei kuna kiatu cha flashi, kile kichuma unachotelezeshea. Ndani yake kuna alama za chuma, na katikati kuna moja kubwa ya mviringo. Flashi za bei ndogo za kupanga kwa mkono, kama YN-560 za Yongnuo au TT600 za Godox, zinawashwa na ile ya katikati. Canon 4000D na 250D HAZINA ile ya katikati. Flashi za Canon zenyewe zinafanya kazi, lakini hizo hutazimudu sasa. Nimeletewa flashi "mbovu" nyingi ambazo hazikuwa mbovu, ni aparei ndiyo haina jicho hilo. Na 4000D ina mdomo wa lenzi wa plastiki. Ipite.

#18 LushiMwangaza
Na 2000D?

#19 Fundi_Himbi
Usisikilize maneno ya mtu, hata yangu. Toa kifuniko, tazama kwa macho, kisha weka flashi na ubonyeze hapo hapo dukani. Isipowaka, rudisha.

#20 MwanaNdosho
Nimerudi Birere leo. Nimepata Canon mbili. Moja imeandikwa 600D, dola 230 na 18-55 yake. Nyingine imeandikwa Rebel T3i, dola 270, muuzaji anasema hii ni "ya Marekani, ina nguvu zaidi". Nilizishika zote mbili, sikuona tofauti. Kuna mtu anaijua T3i?

#21 MwanaBirere
Ni mtu mmoja mwenye majina matatu! 600D Ulaya na kwetu, Rebel T3i Marekani, Kiss X5 Japani. Megapikseli 18, mwaka 2011, zote. Hizo dola 40 ni bei ya jina. Vivyo hivyo 700D ni T5i na ni Kiss X7i. Na mimi wa Nikon ndiye ninayekwambia haya.

#22 FotoKatindo
Kabla hujatoa hata franka moja, fanya hivi. Zungusha fokasi mbali kabisa, funga mlango wa mwanga hadi f/22, piga ukuta mweupe au anga. Tazama foto ukiikuza. Vidoa vya kijivu vinavyobaki mahali pale pale katika kila foto ni vumbi kwenye sensa, linasafishika, lakini punguza bei. Kisha fungua lenzi, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Iache hapo hapo. Bonyeza shata, kile kitufe cha kupigia, mara thelathini mfululizo ukisikiliza. Fungua mlango wa batri na wa kadi. Pia uliza idadi ya mipigo (foto ambazo aparei imekwisha kupiga), iko imeandikwa ndani ya kila foto, kuna tovuti zinakusomea.

#23 MwanaBirere
Yaya, hiyo ya mwisho ni kwa Nikon. Nikon inaandika hesabu ya shata ndani ya faili ya foto. Canon nyingi haziandiki, lazima uunganishe aparei na kompyuta kwa waya na utumie programu. Kwa hiyo muuzaji wa Birere akikuonyesha "mipigo elfu nane" ya 600D kutoka kwenye foto, jihadhari.

#24 FotoKatindo
Kweli, nilichanganya. Nashukuru. Basi atazame ilivyochakaa: raba ya mkono, herufi kwenye vitufe, kichuma cha mkanda.

#25 Fundi_Himbi
Na chini, pale inapofungwa miguu mitatu. Ikiwa imekwaruzwa sana ilikuwa ya video, imefanya kazi usiku na mchana. Lakini mipigo isikutie hofu kupita kiasi. Canon 60D inahesabiwa mipigo 100,000, D7000 150,000, na zimepita mezani kwangu zilizovuka hapo mbali na zingine zilizokufa njiani.

Kadi pia. Kadi iliyoandikwa GB 128 inaweza kuwa na 8 za kweli ndani. Inajaza, halafu inaandika juu ya zile za mwanzo, unagundua jioni. Kuna programu ya bure ya Windows, H2testw, inaijaza kadi nzima na kuisoma tena. Ipime kabla ya ndoa. Kadi mbili za 32 ni bora kuliko moja kubwa.

#26 Kivu_Asubuhi (Goma)
Mmesahau adui wa Goma: vumbi letu jeusi. Siyo vumbi la kawaida, ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu. Linakwaruza. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021 nilibadilisha lenzi nje, upande wa kaskazini wa mji, upepo ukivuma, sekunde chache tu. Siku zilizofuata kila anga niliyopiga ilikuwa na madoa kama nzi. Usibadilishe lenzi juu ya moto, usibadilishe kando ya njia. Ingia ndani, elekeza mdomo chini, badilisha.

#27 MzeeWaKadutu
Na kwetu Bukavu adui ni unyevu. Mvua inanyesha, ukungu wa ziwa unapanda, aparei inalala ndani ya mfuko wa ngozi na kuvu inakula kioo. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na mchele mkavu.

#28 Fundi_Himbi
Papa, samahani sana, mchele una unga wake unaoingia kwenye pete za lenzi. Bora vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Wauza viatu wanavitupa, waombe tu.

#29 MzeeWaKadutu
Miaka thelathini ninatumia mchele. Ninaufunga kwenye kitambaa, mwanangu, siumwagi kama ninapika.

#30 Fundi_Himbi
Kwenye kitambaa nakubali.

#31 Samaki_Wa_Digitali (Lubumbashi)
Kwa nini hakuna anayemwambia kijana ukweli? DSLR zimekwisha. Canon na Nikon wote walihamia aparei zisizo na kioo, midomo yao mipya ya lenzi ilianza 2018. Nikon waliacha kutengeneza hiyo D3500 mnayoijadili. Anaingia kwenye nyumba ambayo wenyewe wanahama.

#32 Mama_Neema_Foto
Wanapohama ndipo nyumba inakuwa ya bei yetu, mwanangu. Wenye pesa wanauza lenzi za EF (za DSLR za Canon), sisi tunanunua. Na siku akipata uwezo, kuna kiungio cha kufunga lenzi hizo kwenye Canon mpya. Hatapoteza.

#33 Samaki_Wa_Digitali
Hilo la kiungio ni kweli, mama. Lakini yenye kioo haikuonyeshi foto kwenye kidirisha kabla ya kubonyeza. Anayeanza angejifunza haraka zaidi akiona mwanga unavyobadilika papo hapo.

#34 Kivu_Asubuhi
Na batri yake ingeisha kabla ya keki. Mimi ninapenda kidirisha cha kioo, ninaona mtu, sioni televisheni.

#35 LushiMwangaza
Ngoja niwatoe kidogo kwenye mashine. Huku Lubumbashi tuna mpigapicha Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa 1978. Kazi zake zilizomtambulisha aliziunganisha kwa kuchukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, wale waliopigwa wakati wa ukoloni, akaziweka juu ya foto zake za viwanda vya Gécamines (kampuni ya madini) vilivyobomoka. Ukisimama mbele yake unasahau kuuliza Canon au Nikon. Na biennale (maonyesho ya sanaa) iitwayo Picha imekuwa ikifanyika hapa tangu 2008. Mdogo, siku ukija, pita uone. Ninasema hivi kwa sababu ninaona uzi mzima tunazungumza chuma.

#36 FotoKatindo
Nakubali, ila Jumatatu mteja anataka albamu. Chuma kwanza.

Mdogo, jambo moja la usalama ambalo halimo kwenye karatasi ya aparei. Usielekeze lenzi kwa askari, kizuizi, uwanja wa ndege wala mpaka, hata kama mwanga ni mzuri ajabu. Ukipita Petite Barrière kwenda Gisenyi, aparei iwe ndani ya mfuko na risiti iwe karibu. Na kwa watu wa njiani, hata yule wa chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili) aliyebeba magunia na anapendeza, salimia kwanza, omba, ndipo upige.

#37 MwanaNdosho
Nimefanya, wakubwa. Nawaeleza kwa mpangilio.

Nilimwendea wa 600D ya dola 230. Nilipiga ukuta kwa f/22, nikapata vidoa vinne, nikamwonyesha. Alishangaa, akapunguza hadi 215. Lenzi safi, hakuna nyuzi. 50mm f/1.8 ya zamani kidogo nimeipata kwa mtu wa Majengo, dola 70. Flashi YN-560, dola 45, iliwaka dukani kama Fundi alivyosema, jicho la katikati lipo. Batri ya akiba LP-E8 na kadi mbili za GB 32, moja H2testw iliikataa na nikairudisha, akanibadilishia bila neno. Nimebakiwa na dola 28.

Muuzaji wa D3500 nilimpitia kumwuliza kwa nini alinikataza. Alisema, "Mteja wa mwisho niliyemuuzia Nikon alirudi kila wiki akitafuta lenzi, na sikuwa nayo. Nilichoka kumwona na huzuni."

#38 FotoKatindo
Nilisema nini? Kuazima!

#39 Fundi_Himbi
Hiyo si kuazima, ni vipuri na soko. Alirudi kutafuta kununua.

#40 MzeeWaKadutu
Na soko lilijazwa na nani? Mashirika.

#41 LushiMwangaza
Papa, kwetu hayakujaza na bado ni Canon.

#42 MwanaNdosho
Swali dogo tu. Nimempiga mama yangu leo asubuhi kwenye kibanda chake cha makala (makaa) Ndosho, kwa 50mm, f/1.8. Amekaa, kitenge kimefunikwa na vumbi jeusi, mikono iko juu ya magoti, na uso umetoka kama nilivyouona, hata kale kakovu ka juu ya nyusi. Aliitazama kwenye kioo cha nyuma muda mrefu bila kusema, kisha akafuta mikono na kuniomba nimpige tena akiwa amevua kilemba. Lakini ya pili sikio liko safi na jicho lina ukungu. Aparei ni mbovu?

#43 Mama_Neema_Foto
Siyo mbovu, mwanangu. Kwa f/1.8, ukiwa karibu hivyo, unene wa fokasi haufiki upana wa vidole viwili. Ulikamata sikio, au mama alisogea mbele kidogo. Chagua nukta moja ya fokasi, ya katikati, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, funga mlango hadi f/2.8. Kisha mpige tena kabla hajafunga kibanda, jua la saa kumi na moja litakuwa limegeukia upande wake.